Barua ya Wazi kwa Bodi ya Shirikisho la Raga la Kenya, Mintarafu ya Makocha na Uteuzi wa Wachezaji

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Shirikisho la Raga la Kenya,
Nairobi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia hadharani wala si kwa bahasha iliyofungwa, kwa sababu jambo ninalotaka kulinena si siri baina yangu na ninyi. Ni kadhia inayozungumzwa kila mwisho wa juma katika viwanja vya Kakamega, Nakuru, Kisumu na Mombasa, na wanaoizungumza ni watu waliolipa kiingilio kwa fedha zao, wakasimama juani tangu asubuhi, wakazishangilia timu ambazo ninyi mmekabidhiwa amana yake. Kila Shujaa, timu yetu ya wachezaji saba, wanaposhindwa, au Simba, timu yetu ya wachezaji 15, wanaporudi mikono mitupu kutoka safari ya kuwania nafasi ya Kombe la Dunia, mjadala huanza pale pale ulipoishia mara ya mwisho: kocha hafai, aondoke, fulani aliachwa nyumbani, lau angalikuwapo tungalishinda. Mjadala huu nimeusikiliza kwa miaka mingi, na nimefikia rai ambayo nawaomba mnistahimilie niieleze kwa kirefu, nayo ni kwamba sisi Wakenya hatuna haki ya kuuhukumu ubora wa kocha ilhali aghalabu huwa hatujampa muda wa kuifanya kazi yake, na ilhali umma haujaambiwa waziwazi ni nani hasa mwenye mamlaka ya kuchagua wachezaji, achague kwa kipimo gani, na amjibu nani anapokosea.

Tuanze na timu ya wachezaji saba, ambayo ndiyo iliyoitambulisha nchi hii ulimwenguni. Marehemu Benjamin Ayimba, aliyeichezea Kenya kabla ya kuifundisha, aliachiwa katika muhula wake wa kwanza misimu kadhaa mfululizo ya kuwalea vijana wale wale, akawajua tabia zao, nani hukata tamaa na nani hukasirika, nani mguu wake wa kushoto hauaminiki na nani anaweza kuachwa peke yake pembeni mwa uwanja. Na Machi 2009, mjini Dubai, vijana hao waliwatoa Fiji, mabingwa watetezi, katika robo fainali ya Kombe la Dunia kwa 26-7, kabla ya kusimamishwa na Argentina katika nusu fainali. Basi tangu alipoondoka 2011 hadi 2023, kiti hicho kilikaliwa na Mitch Ocholla, kisha Mike Friday, kisha Paul Treu, kisha Felix Ochieng, kisha Ayimba mwenyewe mara ya pili, kisha Innocent Simiyu, kisha Paul Murunga, kisha Paul Feeney, kisha Simiyu tena, kisha Damian McGrath, hata tukafika kwa Kevin Wambua. Nawaomba muisome orodha hiyo taratibu, kisha mkumbuke kwamba katika sehemu kubwa ya muda huo huo Afrika Kusini walikuwa na mtu mmoja, Neil Powell, kuanzia 2013 hadi 2022, na kwamba Gordon Tietjens aliifundisha New Zealand kwa miaka 22, tangu 1994 hadi 2016. Sisemi kwamba kukaa sana ni ubora. Mtu aweza kukaa sana akiharibu. Nasema kwamba ubora hauonekani wala hauwezi kupimwa pale ambapo kila kocha hurithi kikosi asichokichagua na kumwachia mwenzake kikosi asichokimaliza.

Mfano wa Friday unaniuma kuliko yote. Kwa msimu mmoja tu, ule wa 2012 na 2013, alitufikisha fainali ya duru ya Wellington katika Raga ya Dunia ya wachezaji saba, tukamaliza msimu wa tano ulimwenguni, na mjini Moscow tukaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia kwa mara ya pili mfululizo. Kisha akaondoka, akaenda Marekani, na Wamarekani wakamshika takriban mwongo mzima, akawafikisha nafasi ya pili katika Raga ya Dunia msimu wa 2018 na 2019, msimu ule ule ambao sisi tulinusurika kushuka daraja kwa tundu la sindano. Mtu ni yule yule, maarifa yake ni yale yale. Kilichozidi kwa wenzetu ni subira, na subira hiyo ilikuwa imeandikwa katika mkataba na kutiwa sahihi.

Tena tazameni 2016. Tarehe 17 Aprili, mjini Singapore, Kenya iliifunga Fiji 30-7 katika fainali ya duru ya Raga ya Dunia, likawa taji letu la kwanza katika mashindano hayo, na siku ile nawajua watu wazima waliolia hadharani bila kuona haya. Miezi minne baadaye, katika Olimpiki ya Rio, timu hiyo hiyo ikamaliza ya 11 kati ya 12. Kocha alikuwa Ayimba katika Singapore, na kocha alikuwa Ayimba katika Rio. Basi haiingii akilini kwamba mtu awe mwerevu Aprili na awe mjinga Agosti. Palikuwa na jambo katika maandalizi, au katika hali ya miili ya wachezaji, au katika namna kikosi kilivyoteuliwa na kupangwa, ambalo lilistahili kuchunguzwa kwa makini na majibu yake kuandikwa ili yamfae yeyote atakayefuata. Tulichokiona sisi tuliokuwa nje ni kocha mpya. Kisha huyo kocha mpya, Simiyu, akaijenga timu upya kwa misimu miwili, akaifikisha fainali ya Vancouver na fainali ya Hong Kong katika masika moja ya 2018, zote mbili dhidi ya Fiji, na zote mbili tukashindwa kwa heshima. Juni ya mwaka huo, mjini Paris, wachezaji wakaifunika nembo ya mdhamini vifuani mwao kwa malalamiko ya fedha, na kabla msimu mpya haujaanza Simiyu hakuwa tena kocha, na wengi wa wachezaji wale wazoefu hawakuwamo kikosini. Murunga alikabidhiwa vijana wasiopata kucheza katika viwanja hivyo vikubwa, kisha akalaumiwa kwa kuwa hawakucheza kama waliowatangulia. Kumhukumu mtu kwa namna hiyo ni kuikosa insafu.

Kuna wanaosema kwamba dawa ni kocha kutoka ng'ambo, kwa kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kuna wanaosema kinyume chake, kwamba mwenyeji ndiye anayewajua watoto wetu na lugha yao na njaa yao. Nadhani suala hili halistahili muda mwingi tunaolipa. Ayimba alikuwa mwenyeji na Friday alikuwa mgeni, na wote wawili walitufikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia. Wambua ni mwenyeji, na ndiye aliyeirudisha timu katika daraja la juu 2024 baada ya kushuka mjini London mwaka uliotangulia chini ya mgeni. Pasipo muda na pasipo mamlaka, pasipoti ya kocha haiongezi hata hatua moja uwanjani.

Sasa niingie katika uteuzi, kwa maana huko ndiko kwenye kiini cha barua hii. Uteuzi wa mchezaji wa taifa ni kazi ya kuona, na kuona kunataka mtu awepo mahali, kwa muda mrefu, akiwa anajua anachokitafuta. Mwaka mmoja, wakati wa mashindano ya Driftwood hapa Mombasa, niliketi nyuma ya milingoti karibu na mwalimu wa shule aliyekuja kumtazama kijana wake wa zamani. Jua la adhuhuri lilikuwa kali, upepo wa bahari umetulia, na wachezaji wa bara walikuwa wakihema kwa joto la pwani wasilolizoea. Mwalimu yule alikuwa na daftari la shule lenye mistari, na kila mchezo ulipopigwa mkwaju wa kuanza alitia alama ndogo kwa kalamu ya risasi. Nikadhani anahesabu trai. Nilipomuuliza, akasema bila kuinua macho, "Trai huonwa na kila mtu, mzee wangu. Mimi nahesabu anainuka mara ngapi akishaanguka, na anainuka upesi kiasi gani." Nikaanza kumtazama kijana yule kwa macho ya mwalimu. Alikuwa hana mbio za kustaajabisha, wala jina lake halikutajwa na mtangazaji hata mara moja. Lakini kila mpira ulipopigwa juu, yeye ndiye aliyekuwa chini yake kabla ya wengine, na kila alipomkaba mtu na kuanguka naye, alikuwa amesimama tena ilhali yule aliyekabwa angali anatafuta mpira ardhini. Katika mchezo wa dakika 14, ambamo timu isiyoupata mpira wa kuanza yaweza kumaliza nusu nzima ikikimbiza kivuli, kijana wa namna hiyo ana thamani ya wakimbiaji wawili.

Waheshimiwa, mzunguko wa raga ya saba una Driftwood Mombasa, una Prinsloo Nakuru, una Dala Kisumu, una mashindano mengine ambayo mnayajua kuliko mimi, na katika kila kimoja cha viwanja hivyo wako walimu na makocha wa klabu wenye madaftari kama lile. Muradi wangu ni kwamba madaftari hayo yawe sehemu ya uteuzi. Shirikisho liamue, kwa kushauriana na kocha wa taifa, mambo yatakayohesabiwa kwa kila mchezaji katika kila duru: kukaba, kuinuka, kuupata mpira wa kuanza, kupoteza mpira katika mkabano, hali ya mwili baada ya mchezo wa nne wa siku, kisha hesabu hizo zikusanywe mahali pamoja, na mchezaji mwenyewe awe na haki ya kuziona zake. Hapo kijana atakayeachwa ataambiwa kwa nini ameachwa, na atajua akafanye nini ili msimu ujao asiachwe. Sasa hivi wanaoachwa hujipa majibu wenyewe: klabu yangu si kubwa, mimi si wa Nairobi, sina mtu wa kunitaja. Pengine majibu hayo si ya kweli hata kidogo, lakini pasipo kipimo kinachojulikana hakuna ithibati ya kuyakanusha, na dhana mbaya ikishaingia katika chumba cha kubadilia nguo huwa ngumu kutoka.

Kipimo hicho hakitamfunga kocha mikono. Uteuzi hauwi hesabu tupu, na kocha mwema huona jambo ambalo daftari halilioni. Katika Kombe la Dunia la 2023 nchini Ufaransa, Afrika Kusini ilimpoteza kwa jeraha Malcolm Marx, mchezaji wa katikati ya mstari wa mbele wa skramu, na badala ya kumwita mwingine wa nafasi hiyo ngumu, viongozi wa timu hiyo, Jacques Nienaber na Rassie Erasmus, wakamwita Handré Pollard, mpigaji mikwaju ambaye hapo awali walimwacha nyumbani. Ulimwengu mzima ukauliza kama wamepotewa na akili. Katika fainali dhidi ya New Zealand, Bongi Mbonambi, aliyebaki katika nafasi ile ya Marx, aliumia dakika za mwanzo kabisa, ikambidi Deon Fourie, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake siku hizo ilikuwa pembeni mwa skramu, aibebe nafasi hiyo karibu mchezo wote. Na benchi lao lilikuwa na mafowadi saba na mchezaji mmoja tu wa nyuma. Walishinda 12-11, na alama zote 12 zilitoka katika mguu wa Pollard. Ninalolisifu si bahati yao, kwa maana kwa alama mbili tu wangaliitwa wapumbavu hadi leo. Ninalolisifu ni kwamba hapakuwa na tashwishi hata chembe juu ya nani aliyeamua. Maamuzi yalikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa tayari kuyabeba yakienda mrama. Mimi nauliza: siku Shujaa au Simba wanapopoteza kwa sababu ya jina fulani lililokuwamo au lisilokuwamo katika orodha, je, yuko mtu mmoja ambaye Wakenya wote wanajua kwamba orodha ni yake?

Katika raga ya wachezaji 15 maumivu ni makubwa zaidi, kwa kuwa huko tumeukaribia mlango wa Kombe la Dunia mara kwa mara tukarudi. Mwaka 2014, mjini Antananarivo, Simba chini ya Jerome Paarwater waliifunga Namibia 29-22, na laiti wangaliishinda Zimbabwe siku ya mwisho, wangalicheza Kombe la Dunia Uingereza 2015; wakafungwa 28-10, Namibia wakaenda. Mwaka 2018, mjini Marseille, chini ya Ian Snook, tukafungwa na Canada, Ujerumani na Hong Kong. Mwaka 2022, mjini Dubai, chini ya Paul Odera, Marekani wakatufunga 68-14 na Ureno 85-0. Na Julai 2025, mjini Kampala, nafasi ya moja kwa moja ya kwenda Australia 2027 ikachukuliwa na Zimbabwe, walioifunga Namibia 30-28 katika fainali, chini ya Piet Benade, kocha yule yule aliyewapa ubingwa wa Afrika mwaka uliotangulia.

Hizo 85-0 zinahitaji kutazamwa vizuri, kwa sababu ni rahisi kuona haya na kupita. Ureno hawakuwa taifa kubwa la raga. Walikuwa wamemchukua Mfaransa Patrice Lagisquet 2019, wakamwachia miaka minne kamili, naye akawaunganisha vijana wa klabu za kwao na wale wenye asili ya Ureno waliokuwa wakicheza Ufaransa, akajua mapema nani ni wake na nani si wake. Na mwaka uliofuata Dubai, mjini Toulouse, Ureno waliifunga Fiji 24-23 katika Kombe la Dunia lenyewe. Odera naye hakuwa mtu wa kubahatisha: ndiye aliyewaongoza vijana wa Chipu 2019 kuifunga Namibia mjini Nairobi na kuwa mabingwa wa Afrika wa chini ya miaka 20, wakaenda Brazil kucheza na vijana wa ulimwengu. Huyo alikuwa kocha mwenye kizazi chake mkononi. Alihitaji kuachwa nacho.

Fauka ya hayo, liko tatizo la ratiba ambalo halimhusu kocha yeyote bali linawahusu ninyi. Marseille ilikuwa Novemba 2018, na Raga ya Dunia ya wachezaji saba ilifunguliwa Dubai mwisho wa mwezi ule ule. Dubai ya Simba ilikuwa Novemba 2022, na mashindano ya Hong Kong ya Shujaa yalikuwa mwanzo wa mwezi ule ule. Mchezaji mwenye mbio na nguvu za kumfaa kila kocha hawezi kuwa mahali pawili, na mwili uliozoeshwa skramu ya watu watatu na mchezo wa dakika 14 hauwezi kugeuzwa kwa juma moja ukabebe skramu ya watu wanane kwa dakika 80. Shingo haiko tayari, kiuno hakiko tayari, na anayeumia ni kijana wala si sisi tunaopiga kelele majukwaani. Lazima iamuliwe kabla ya msimu, kwa maandishi na kwa ridhaa ya mchezaji, nani ni wa Shujaa na nani ni wa Simba, na mkataba wake ulipwe kwa jinsi hiyo, kwa wakati, ili asilazimike kuhama timu kwa kufuata posho.

Ninayowaomba, basi, ni machache. Kocha wa kila timu ya taifa apewe muhula unaolingana na mzunguko wa miaka minne, wa Olimpiki kwa Shujaa na wa Kombe la Dunia kwa Simba, na asiondolewe katikati ila kwa kosa la maadili au kwa tathmini iliyofanywa na watu wanaoijua kazi hiyo, ambayo muhtasari wake utatangazwa. Orodha ya wachezaji iwe yake yeye, kwa sahihi yake, na mjumbe yeyote wa bodi asiwe na kauli ya kuongeza jina wala kupunguza. Vipimo vya uteuzi vichapishwe kabla ya duru ya kwanza ya msimu wa klabu, vipelekwe Kakamega kwa Kabras na Nakuru kwa Oilers kama vinavyopelekwa kwa klabu za Nairobi, na vifike pia katika shule, kwa sababu mvulana wa miaka 16 anayecheza leo katika uwanja wa shule yake atakuwa na miaka 22 au karibu ya hapo Kombe la Dunia la 2031 litakapochezwa Marekani, na huo ndio umri wa kuwa tayari.

Mwajua kwamba tulimaliza nafasi ya tisa katika Olimpiki ya Tokyo na nafasi ya tisa tena Paris, kwa makocha wawili tofauti. Los Angeles ni 2028. Nawaomba mnijibu kwa njia hii hii ya hadharani, na katika jibu lenu mwaambie Wakenya mambo mawili tu: muhula wa kocha wa sasa unakwisha lini, na ni nani anayetia sahihi orodha ya wachezaji.

Nabaki kwa heshima,
Mpenzi wa raga wa siku nyingi,
Mombasa.